Benchi la Wanaositasita

Niazimeni masikio yenu, nitawarudishia yakiwa mazima.

Ipo nchi moja, jina silitaji kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa, lakini ni nchi nzuri mno. Mvua huko hunyesha kwa ratiba, na isiponyesha, ratiba hubadilishwa. Watu wake ni wapole na hawana maswali. Hawana maswali kwa sababu ipo Sheria ya Kuzuia Usumbufu, isemayo kwamba maneno "kwa nini" yatatamkwa na mwanasheria peke yake, mwenye leseni, tena saa za kazi.

Katika nchi hiyo aliishi binti mmoja jina lake Sihaba, mwenye miaka ishirini na miwili. Hakuwa msemaji, ila macho yake yalikuwa hayapitwi na kitu. Na maishani mwake alikuwa na "kwa nini" moja tu. Baba yake aliitwa kituoni kutoa maelezo ya dakika kumi, na huo ulikuwa mwaka wa tisa anaeleza.

Mama yake, Bi Hidaya, alikwenda kituoni mara nyingi na bakuli la wali. Kila akifungua mdomo, askari wa kaunta alimtahadharisha kwa upole kabisa:

"Mama, naona kama unataka kuuliza. Leseni unayo?"

Bi Hidaya alifunga mdomo, akarudi nyumbani na wali umeshapoa.

Ndiyo maana Sihaba akafanya mtihani wa kuingia Chuo cha Sheria. Maswali yalikuwa mia moja. Alama ya kufaulu hutangazwa baada ya kusahihisha, ili watahiniwa wasijipange. Sihaba akapata sitini na moja. Kesho yake redio ikatangaza kwamba mwaka huu, kwa furaha kubwa, alama ya kufaulu ni sitini na mbili.

*

Barua ilifika na mihuri minne. Sihaba aliisoma kibarazani, mama yake ameketi kwenye mkeka, na jirani yao Bi Somoe ameegemea nguzo, maana katika mtaa ule barua ya mmoja husikilizwa na wawili au watatu.

"'Ndugu mtahiniwa,'" akasoma Sihaba, "'umefeli kwa heshima. Bodi inakupongeza kwa kuikaribia akili. Sasa unatakiwa uamue, ndani ya siku saba, kama utarudia mtihani au hutarudia.'"

"Si atarudia tu!" Bi Somoe akadakia. "Alama moja? Alama moja hata kuku anaidonoa."

"Ngoja, shoga, barua haijaisha," akasema Bi Hidaya.

Haikuwa imeisha. Atakayerudia, barua ilisema, hataulizwa tena maswali mia. Ataulizwa moja tu, katika yale aliyoyakosa. Ni yapi aliyoyakosa, hiyo ni siri ya nchi. Tena atakuja na mdhamini wa akili, ambaye sharti awe ndiye aliyemzaa au aliyemlea, kwa kuwa serikali imegundua kwamba vijana hawaziogopei nafsi zao inavyotakiwa. Akikosa tena, mdhamini atakaa gerezani mwaka mmoja kwa kila alama iliyopungua.

Sihaba alipofika hapo akaishusha barua.

"Rudia hapo kwenye mdhamini," akasema Bi Hidaya.

"Mama, achana napo."

"Rudia, nimekwambia."

Akarudia. Bi Hidaya akatikisa kichwa polepole kama mtu anayeonja mchuzi. "Mwaka mmoja. Basi si niandike mimi? Kwani una mama mwingine umemficha wapi?"

"Mama, mwaka wa huko ndani unajulikana una miezi mingapi? Baba aliambiwa dakika kumi."

"Na asiyerudia?" Bi Somoe akauliza kwa sauti ya chini, akatazama barabarani kwanza.

Asiyerudia alikuwa na kazi yake. Serikali ile ilikuwa na kesi nyingi na watu wachache walioona kitu, kwa hiyo kila aliyefeli na hakurudia aliingizwa katika Kikosi cha Mashahidi wa Kudumu. Alipewa kofia ya njano, na kila Jumatatu alifundishwa mambo aliyoyaona wiki iliyopita. Waziri mwenyewe alishaeleza jambo hili bungeni, wakampigia makofi. "Shahidi aliyekuwepo," alisema, "huchanganya. Mara akumbuke mvua, mara akumbuke mbwa. Shahidi ambaye hakuwepo ana kumbukumbu safi."

Bi Somoe akajifunika kanga vizuri mabegani, ingawa hakukuwa na baridi. Yeye alikuwa na sababu ya kuwaogopa mashahidi. Alikuwa mkaanga vitumbua, na mwezi mmoja nyuma moshi wa karai lake ulipanda ukaelekea bendera ya ofisi ya mtaa, bendera ikatikisika kama mtu anayekohoa. Akashitakiwa kwa kuibughudhi bendera, kosa la miaka saba. Lakini sheria inataka mashahidi wawili, na kesi ilikuwa haina hata mmoja. Kwa hiyo aliachwa nje kwa dhamana, na kilichowekwa ndani badala yake ni karai.

"Karai langu," alizoea kusema, "linalala selo na wezi wa kuku, na mimi niko hapa nakunywa chai. Kama hiyo si aibu ni nini?" Watu walicheka, naye alicheka kuwashinda. Lakini siku hiyo hakusema hayo. Alisema tu: "Sihaba mwanangu, utakaloamua ni sawa. Ila ule kwanza. Asiyekula haamui, anadondoka tu."

*

Na ambaye hajaamua? Naye hakusahauliwa, serikali ile haimsahau mtu.

Pale Ofisi ya Maamuzi palikuwa na baraza pana, na barazani benchi refu la mninga, limeandikwa kwa rangi nyeupe: BENCHI LA WANAOSITASITA. Ambaye hajaamua alitakiwa kuketi hapo tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, wananchi wapitao wamwone, wajifunze. Walikuwa wanane siku ya kwanza, na benchi liliwatosha.

Saa mbili na nusu akatoka Msajili Mkuu wa Maamuzi, Mheshimiwa Ngwandu, mtu mnene mwenye sauti nyororo, akawakunjulia uso.

"Vijana wangu," akasema, "taifa haliwalazimishi. Mkitaka kurudia, rudieni. Mkitaka kuacha, acheni. Uhuru ndio msingi wetu. Fundi!"

Akatokea seremala wa serikali na msumeno. Bila salamu akapiga goti mwisho wa benchi, akakata kipande cha dhiraa moja. Akakibeba kwapani, akaenda zake.

"Kila asubuhi," Msajili akaeleza, "tutawasaidia kidogo. Atakayeanguka, kanuni inasema ameamua mwenyewe, kwa hiari yake, kutorudia. Karibuni sana."

Sihaba akatazama unga wa mbao uliobaki sakafuni. Ulikuwa mwekundu mwekundu. Akavuta miguu yake karibu.

Kushoto kwake aliketi kijana wa mbali, aitwaye Shomvi, mwembamba, mwenye maneno mengi.

"Dada, sogea kidogo niamue vizuri," akamwambia.

"Nikisogea nitaanguka."

"Basi tuamue kwa zamu. Wewe asubuhi, mimi jioni."

Sihaba akacheka, na kicheko chenyewe kikamwogopesha, akakimeza. Shomvi alikuwa mtu wa kusini kabisa, hakuwahi kufika mtaa wowote wa mji ule zaidi ya kituo cha mabasi na ofisi ile. Yeye mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua. "Akiwekwa ndani mwezi mmoja tu, namzika," akasema, kwa sauti ileile ya utani. "Lakini hiyo kofia ya njano nayo, dada yangu, mimi rangi ya njano hainipendezi."

Siku ya pili fundi akakata. Wakawa wanaketi mabega yamepandana. Siku ya tatu akakata tena. Wawili wakaanguka kwa pamoja, na kabla hawajajifuta vumbi wakavikwa kofia. Mmoja wao alikuwa analia, afisa akamwandikia kwenye fomu: *Amepokea kwa machozi ya furaha.*

Usiku Sihaba alikuwa halali. Si kwamba aliwaza; kuwaza kungekuwa na afadhali. Alikuwa anasikia msumeno. Asubuhi mama yake alimtilia uji, naye Sihaba akaukoroga bila kuunywa. Alikuwa akipiga hesabu moja tu. Akirudia, hajui swali lipi litakuja katika thelathini na tisa aliyokosa, na kila moja alilijibu kwa akili yake yote. Kama akili yake ndiyo iliyokosa, ataitoa wapi nyingine? Na asiporudia, swali la baba litaulizwa na nani?

Siku ya nne walikuwa wanne, maana wengine wawili walishaamua wenyewe. Fundi akaja, akakata. Shomvi alikuwa ameketi kwa paja moja, anamsimulia Sihaba kisa cha mbuzi wa mjomba wake, mbuzi aliyekula hati ya kiwanja. Alipofika pale mjomba anapomkimbiza mbuzi akanyoosha mkono kuonyesha mbuzi alikopita. Mkono ulikwenda, mwili ukafuata.

Alianguka chini kwa kishindo kidogo tu, kama gunia la pumba. Akawa chali, akimtazama Sihaba, bado anatabasamu kwa kuwa uso ulikuwa haujapata habari.

"Hongera kwa uamuzi," akasema Msajili kutoka dirishani.

*

Siku ya tano Sihaba alimwona Shomvi akipita barazani na kofia ya njano, ana karatasi mkononi, midomo inacheza kama mtoto wa madrasa anayehifadhi.

"Shomvi!"

Hakugeuka. Alisimama tu, akamwonyesha mgongo, akaendelea kusoma kwa sauti: "'Mimi shahidi nilimwona kwa macho yangu mshitakiwa Bi Somoe binti Mfaume, akiupuliza moshi wa vitumbua kwa makusudi, huku akisema, Kohoa, bendera, kohoa…'"

"Wewe si uliniambia hujawahi kufika mtaa wetu?"

"Ndiyo maana nakumbuka vizuri, dada."

"Shomvi, huyo ni jirani yangu. Huyo ndiye aliyenilisha."

Kijana akateremsha karatasi. Kisha, akijifanya anakohoa, akasema haraka haraka kifuani mwake: "Wanatafuta wa pili. Wa mtaa huohuo, ndivyo inavyopendeza. Faili lipo mezani, jina lako limeandikwa kwa penseli. Usianguke, dada. Shika hilo benchi kwa meno. Usianguke." Akainua karatasi yake. "'Kohoa, bendera, kohoa,'" akaenda zake akisoma.

Siku ya sita aliketi peke yake, wale wawili wa mwisho nao wameshaanguka. Benchi lilikuwa limebaki la mtu mmoja, tena mtoto. Alishika ukingo kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi. Nzi alimtua kwenye jicho, hakumfukuza. Wananchi walipita. Mama mmoja akamwonyesha binti yake: "Unamwona? Huyo hajui anachotaka." Sihaba alijua sana anachotaka, lakini hakuthubutu kutikisa hata kichwa.

*

Siku ya saba alifuatana na mama yake na Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa amebeba chupa ya chai na vikombe vitatu. Habari ya Shomvi na karatasi yake, Sihaba alishawaeleza wote wawili. Bi Somoe alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hata hivyo chai hainywewi na mtu mmoja," akaja. Waliketi nje ya uzio, chini ya ubao wa matangazo.

Sihaba akapanda kwenye benchi. Lilikuwa na upana wa viganja viwili. Msajili Ngwandu akatoka akiwa amevaa joho, kwa heshima ya siku.

"Mwanangu," akasema, "nimekutazama siku saba. Una subira. Taifa linapenda subira, mradi isizidi wiki. Umeamua nini?"

Sihaba akatupa jicho nje ya uzio, alikoketi mama yake.

"Fundi!"

Fundi akapiga goti. Safari hii msumeno uliwekwa katikati kabisa, karibu na paja lake, hata akahisi ubaridi wa chuma kupitia gauni. *Kwaa*, ukaanza. *Kwaa. Kwaa.* Mbao ikatetemeka, tetemeko likapanda mgongoni, likaingia kwenye meno.

Wako watakaosema Sihaba aliamua kwa ujasiri. Hapana. Aliamua kwa sababu kipande kilikuwa kinalegea.

"Narudia!" akapiga kelele. "Narudia, narudia!"

"Uhuru mtamu sana," akasema Msajili. "Mleteni mdhamini."

Bi Hidaya akaja, akatia dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye fomu bila kuomba isomwe. "Nenda," akamwambia mwanawe. "Usinitazame. Tazama karatasi yako." Akatoka.

Sihaba akaingizwa ofisini, akaketishwa mbele ya meza kubwa. Akapewa kalamu, na karatasi imefunikwa. Afisa akaangalia saa. "Dakika moja. Funua."

Swali lilikuwa fupi: *Kipi hutangulia, kosa au adhabu? Jibu kwa neno moja.*

Alilikumbuka. Mara ya kwanza alilijibu bila hata kusimama: *Kosa.* Tena alilipigia mstari chini, kwa kuona ndilo swali rahisi kuliko yote. Sasa akatazama neno lile lingine, na neno lile likamtazama. Hakuhitaji kufundishwa. Siku saba benchini zilikuwa zimeshamfundisha.

Dirishani alimwona mama yake nje ya uzio, anafuta wino wa dole gumba kwenye upindo wa kanga, anafuta, hautoki. Bi Somoe alikuwa anammiminia chai.

Ni neno moja tu, akajiambia. Limo kwenye karatasi. Nani aliwahi kuumizwa na neno lililomo kwenye karatasi? Nikishaingia nitauliza yote, kuanzia la baba. Aliandika kwa herufi kubwa, ili lisomeke.

ADHABU.

Msajili akaisogeza karatasi kwenye mwanga. Akaisoma mara mbili. Akasimama, na maafisa wote wakasimama.

"Akili imekuja!" akasema, na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. "Adhabu! Naam! Kwa maana adhabu ikichelewa, mkosaji aweza kuondoka bila kukosa! Karibu katika sheria, mwanangu." Akamkabidhi kadi ngumu yenye picha ya mizani. Ilikuwa leseni ya kuuliza.

Sihaba akaishika kwa mikono miwili. Ilikuwa furaha, au kilichokuja mahali pa furaha. Mama yuko salama. Na yeye hatavaa kofia. Amepita katikati.

"Sasa," akasema Msajili, akijifuta macho, "tuje kwenye kesi ya baraka."

"Kesi ya baraka?"

"Desturi yetu nzuri. Mwanafunzi mpya akifaulu, jibu lake huwa sheria mpaka jua litue, na kwa sheria hiyo tunamaliza kesi moja iliyokwama. Ni heshima yako." Akavuta faili lililokuwa mezani muda wote, akafuta kwa kifutio jina lililoandikwa juu yake kwa penseli. "Hii hapa imekwama kwa kukosa shahidi wa pili. Lakini kama adhabu hutangulia, kama ulivyoandika kwa mkono wako, tena kwa herufi kubwa, shahidi wa nini? Adhabu ya Bi Somoe binti Mfaume ianze leo. Kosa litafuata likishapatikana. Askari! Na lile karai liachiwe huru."

Sihaba akainua leseni. "Kwa n…"

Msajili akainua kidole kwa upole wa baba. "Mwanangu. Inaanza kutumika Jumatatu."

*

Alitoka nje mbio, lakini askari wawili walikuwa na miguu mirefu zaidi. Alipofika kwenye uzio walikuwa wameshamshika Bi Somoe mikono, mmoja huku, mmoja huku, na kikombe kimeanguka mchangani. Bi Somoe alikuwa hajaelewa. Alidhani ni yale ya Shomvi, kwamba wamempata huyo wa pili, na alikuwa akijaribu kukumbuka ni nani katika mtaa anayemchukia kiasi hicho. Kisha akamwona Sihaba na ile kadi mkononi, na yote mengine yakamtoka.

"Umefaulu?" akauliza. "Mwanangu, umefaulu?"

Bi Hidaya akageuka. Akaitazama kadi, akawatazama askari, akaitazama tena kadi. Yeye alikuwa mtu wa kuelewa mapema.

"Nimefaulu," akasema Sihaba, kwa sauti ndogo.

"Amefaulu!" Bi Somoe akapaza sauti kwa wapita njia, kwa askari, kwa fundi aliyesimama na msumeno wake barazani. "Wa mtaa wetu huyo! Tumepata wetu! Sasa tutauliza!" Akataka kupeleka mkono mdomoni, mkono ukashikwa, akaona haidhuru, akarudisha kichwa nyuma akapiga kigelegele hivyohivyo, bila mkono, kirefu, cha harusi, kikapita juu ya uzio na juu ya ofisi. Askari wakatazamana. Walipekua vijitabu vyao, hawakuona kanuni ya kukikatiza, ikabidi wasimame wasubiri kiishe.